Paul Laurence Dunbar: Mshairi Aliyefungwa na Sifa Zake

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote wapenzi wa fasihi mliofika jioni hii,

Nimeombwa kuzungumza juu ya mwandishi wa Marekani aliyetunga mashairi na riwaya, nami nimemchagua Paul Laurence Dunbar, aliyezaliwa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, tarehe 27 Juni 1872, na kufariki katika mji huohuo tarehe 9 Februari 1906, akiwa na umri wa miaka 33. Katika maisha hayo mafupi alitoa vitabu 12 vya mashairi, riwaya nne, mikusanyo minne ya hadithi fupi, na maneno ya nyimbo za jukwaani zilizoimbwa New York hadi London. Alikuwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa mwanzo kabisa waliothubutu kutegemea kalamu kwa riziki yao. Tumezoea kusikia habari za waandishi waliopuuzwa wakiwa hai na kukumbukwa wakiwa kaburini, lakini habari za Dunbar ni tofauti, na kwa maoni yangu zinauma zaidi. Yeye alisifiwa mapema, tena kwa sauti kubwa, ila alisifiwa kwa upande mmoja tu wa kazi yake, na waliomsifu ndio hao hao waliokuwa na amri juu ya nini kichapishwe na nini kirudishwe. Sifa hiyo ikamwekea mpaka, naye alishindana na mpaka huo mpaka pumzi ilipomwisha.

Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani katika jimbo la Kentucky. Baba yake, Joshua, alitoroka akakimbilia Kanada, na baadaye, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, alirudi akajiunga na vikosi vya askari weusi vya Massachusetts. Mama yake, Matilda, alihamia Dayton baada ya vita pamoja na wana wawili wa ndoa yake ya kwanza, akaolewa na Joshua mwaka 1871. Ndoa hiyo haikudumu, na Joshua alifariki mwaka 1885, Paul akiwa na miaka 13. Matilda alilea wanawe kwa kufua nguo za watu. Alijifunza kusoma ili amfundishe mwanawe, na jioni alimsimulia habari za mashambani Kentucky, akamwimbia nyimbo za dini zilizotungwa na watumwa. Jambo hili tulishike, kwa sababu baadaye wasomaji wengi Wazungu waliamini kwamba Dunbar anaandika yale aliyoyaishi. Hakuyaishi. Alikuwa kijana wa mjini, mzaliwa wa jimbo la kaskazini, aliyesoma shule ya sekondari ya mji huo, na maisha ya shamba la watumwa aliyapata kwa kusikiliza, kama msanii mwingine yeyote anavyokusanya mali ya kazi yake.

Katika shule ya Central High School yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi mweusi peke yake darasani mwake. Alikuwa mhariri wa gazeti la shule, rais wa chama cha fasihi cha wanafunzi, na wimbo wa mahafali ya mwaka 1891 aliutunga yeye. Miongoni mwa wanafunzi wenzake alikuwamo Orville Wright, ambaye mwaka 1903, pamoja na kaka yake Wilbur, angerusha ndege ya kwanza yenye injini. Wakati huo ndugu hao walikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, na mwishoni mwa mwaka 1890 walimchapia Dunbar gazeti lililoitwa Dayton Tattler, lililokusudiwa wasomaji weusi wa mji huo. Gazeti lilitoka matoleo machache tu likafa kwa kukosa fedha.

Kijana mwenye sifa hizo alipomaliza shule, alizunguka katika ofisi za magazeti na za biashara akiomba kazi ya kuandika. Hakuna aliyempa, na sababu ilikuwa rangi yake. Hatimaye akapata kazi ya kuendesha lifti katika jengo la Callahan, mjini Dayton, kwa mshahara wa dola nne kwa wiki. Humo ndani ya lifti, kati ya kengele moja na nyingine, alisoma na kuandika. Mwaka 1892, siku alipotimiza miaka 20, mwalimu wake wa zamani alimpatia nafasi ya kusoma shairi la kuwakaribisha wanachama wa chama cha waandishi wa majimbo ya magharibi waliokuwa wakikutana mjini hapo. Alisoma, akashangiliwa, akatoka haraka kurudi kazini. Mwandishi mmoja miongoni mwao, James Newton Matthews, alimfuata baadaye hadi kwenye lifti ili amjue, akaandika habari zake katika barua iliyochapishwa na magazeti kadhaa.

Mwisho wa mwaka huo Dunbar alipeleka mswada wake wa kwanza kwa wachapaji wa kanisa la United Brethren. Gharama ya kuchapa ilikuwa dola 125, naye hakuwa nazo. Meneja wa biashara wa nyumba hiyo, William Blacher, akamdhamini, na kitabu kikatoka kwa jina la Oak and Ivy. Dunbar alikiuza nakala kwa nakala, kwa dola moja, wengi wa wanunuzi wakiwa abiria wa lifti yake, na deni likalipika kwa muda mfupi. Mara nyingi jambo hili husimuliwa kama kisa cha kutia moyo. Mimi huliona pia kama kipimo cha gharama: huyu alikuwa mtu ambaye mji mzima ulijua kwamba anaweza kuandika, na mahali pekee palipokuwa pamewekwa kwa ajili yake ni kwenye lifti, akipandisha na kuteremsha watu waliokuwa na ofisi.

Mwaka 1893 alikwenda Chicago kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Huko alikutana na Frederick Douglass, mzee wa harakati za kukomesha utumwa, aliyekuwa akisimamia banda la Haiti. Douglass alimwajiri kama karani wake na kumlipa dola tano kwa wiki, na katika siku iliyotengwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, tarehe 25 Agosti, kijana huyo alisoma shairi lake mbele ya hadhara. Maonyesho yalipokwisha alirudi Dayton, kwenye madeni na kazi za kubahatisha.

Waliomtoa hapo walikuwa wanaume wawili wa mji wa Toledo, wakili Charles Thatcher na daktari Henry Tobey, waliogharimia kitabu chake cha pili, Majors and Minors, kilichosambazwa mwanzoni mwa 1896. Mpangilio wa kitabu hicho ni ushahidi muhimu. Sehemu kubwa, ile aliyoiita kuu, ilikuwa mashairi ya Kiingereza sanifu, yenye bahari na vina vilivyochongwa kwa uangalifu. Sehemu ndogo, aliyoiweka nyuma, ilikuwa mashairi ya lahaja, yaani Kiingereza cha watu weusi wa mashambani kusini. Kwa hiyo mtunzi mwenyewe alishatuambia kipi anakipa uzito. Kitabu kilipitia mkononi mwa mwigizaji James Herne, naye akamkabidhi William Dean Howells, mhakiki aliyekuwa na sauti kuliko wote Marekani wakati ule. Tarehe 27 Juni 1896, siku ambayo Dunbar alitimiza miaka 24, uhakiki wa Howells ulitoka katika jarida la Harper's Weekly. Howells aliyasifu mno mashairi ya lahaja. Ya Kiingereza sanifu aliyapita kwa heshima, akisema kwa maana kwamba yangeweza kutungwa na washairi wengine wengi.

Usiku mmoja ulitosha kumfanya Dunbar ajulikane nchi nzima. Kampuni ya Dodd, Mead ya New York ilichapa Lyrics of Lowly Life mwaka huohuo, Howells akiandika dibaji. Mialiko ya kusoma hadharani ikamiminika, na wahariri wa majarida wakaanza kumlipa vizuri, mradi awapelekee lahaja. Akiwapelekea kitu kingine, hamu yao ilipungua. Haikupita hata mwaka mzima kabla Dunbar hajamwandikia rafiki yake, mwezi Machi 1897, kwamba Howells amemdhuru kwa namna isiyorekebika kwa kauli aliyoitoa juu ya mashairi yake ya lahaja. Simwoni Howells kuwa mtu mbaya. Alimsaidia kijana asiyemjua, na alimsaidia kwa nia njema kabisa. Lakini nia njema yake ilibeba imani kwamba mtu mweusi anapoandika kama mtu mweusi wa hadithini ndipo anapokuwa yeye mwenyewe, na anapoandika kama mwandishi yeyote aliyeelimika anaiga.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana kwa miaka mingi wahakiki, wakiwamo wahakiki weusi, waligeuza hoja hiyo upande wa pili, wakasema kwamba mashairi ya lahaja ni aibu, kwamba Dunbar aliwauzia Wazungu picha ya mtumwa mchangamfu anayecheka na kula tikiti maji. Msingi wa lawama hiyo upo. Wakati ule majukwaa ya Marekani yalijaa maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwadhihaki watu weusi kwa lahaja hiyo hiyo, na baadhi ya mashairi ya Dunbar, pamoja na maneno ya nyimbo alizoandikia maonyesho ya Clorindy mwaka 1898, yanasogea karibu mno na dhihaka hizo. Hayo siyatetei. Yapo mengine, hata hivyo, ambayo hayakusikika vizuri kwa sababu sikio lililoyasikiliza lilikuwa limeshaamua linataka kusikia nini.

Chukueni shairi la An Ante-Bellum Sermon. Ni mahubiri ya mhubiri mtumwa, yanayotolewa porini mbele ya watumwa wenzake kabla ya vita. Mhubiri anasimulia kisa cha Musa na Farao: jinsi Mungu alivyowaona wana wa Israeli wakiteseka, jinsi alivyomtuma Musa, jinsi mfalme mwenye kiburi alivyoangushwa. Kila anapofika karibu na jambo lenyewe, anasimama na kuwaonya wasikilizaji wasije wakadhani anazungumzia mambo ya leo; yeye, anasema, anazungumza juu ya uhuru kwa namna ya Biblia tu. Kisha anaendelea mbele kidogo zaidi. Anawasihi wasiende kuwaambia mabwana kwamba amehubiri uhuru. Mwisho anasema kwamba Musa wao anakuja, na siku hiyo watajikuta wanatambuliwa kuwa raia. Msomaji wa majarida ya New York alicheka kwa matamshi ya mzee. Msomaji aliyekulia katika familia ya watumwa alijua kwamba kila onyo la mhubiri ni namna ya kukonyeza jicho. Shairi zima ni mafunzo ya jinsi ya kusema lisiloruhusiwa kusemwa mbele ya mtu anayekusikiliza kwa nia ya kukutega, na mafunzo hayo yasingewezekana katika Kiingereza cha shuleni, kwa sababu usalama wa mhubiri umo katika ile sauti ambayo bwana wake anaidharau.

Au chukueni When Malindy Sings, aliloliandika akiukumbuka uimbaji wa mama yake. Msemaji anamwambia binti wa Kizungu aliyefundishwa muziki kwa vitabu aweke kando vitabu vyake, maana hata afanye mazoezi hadi mvi zimtoke hataimba kama Malindy, ambaye hakufundishwa na mtu. Shairi linaanza kwa utani na linamalizika kwa unyenyekevu wa mtu aliyesimama kanisani. Kulisoma kama kichekesho tu ni kulikosea adabu.

Sisi wa pwani na wa bara tunaokisoma Kiswahili hatuna haja ya kufundishwa kwamba lahaja inaweza kubeba fikra nzito. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita, Mwana Kupona aliuandika utendi wake mwaka 1858 kwa Kiamu, na hakuna msomaji mwenye akili anayewahesabu kuwa washairi wa daraja la pili kwa sababu hawakutumia lugha sanifu iliyokuja baadaye. Lahaja zao zilikuwa na heshima miongoni mwa wasikilizaji wao. Ya Dunbar iliwekwa mbele ya wasikilizaji walioichukulia kuwa ushahidi wa upungufu, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hatima yake na ya Muyaka.

Katika Majors and Minors mlikuwamo pia We Wear the Mask, shairi ambalo mimi binafsi nalihesabu kuwa bora kuliko yote aliyoyatunga kwa Kiingereza sanifu. Lina mishororo 15, na ukiacha kiitikio, vina vyake ni viwili tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Linasema kwamba tumevaa barakoa inayotabasamu na kudanganya, inayoficha mashavu na kutia macho kivuli; kwamba tunatabasamu mioyo ikiwa imeraruka na inavuja damu; kwamba dunia haina haja ya kuhesabu machozi yetu, na ituone tu tukiwa tumevaa barakoa. Hakuna mahali popote linapotaja weusi, utumwa wala Marekani. Neno linalobeba kila kitu ni "sisi". Mtu anayelisoma baada ya mahubiri yale ya lahaja anagundua kwamba mashairi hayo mawili, ambayo Howells aliyatenga katika mafungu mawili, yanazungumza jambo moja, na kwamba la pili linaeleza jinsi la kwanza linavyopaswa kusomwa.

Mwaka 1897 alisafiri kwenda Uingereza kusoma mashairi yake. Kifedha safari haikumfaa, ila mjini London alikutana na mtunzi wa muziki Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Sierra Leone, na mashairi yake kadhaa yakatiwa muziki. Aliporudi alipata kazi katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, kwa mshahara wa dola 720 kwa mwaka. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ilikuwa pia kazi ya kushinda katikati ya vumbi la vitabu, na kifua chake hakikuwa na nguvu. Mkewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba katika jua kali la Washington vyuma vya rafu za vitabu vilimfanya Dunbar aone jinsi ndege anavyojisikia ndani ya tundu. Hapo ndipo lilipotokea Sympathy, lililochapishwa mwaka 1899, lenye beti tatu za mishororo saba. Katika ubeti wa kwanza ndege anaona jua na upepo juu ya majani. Katika wa pili anapiga mabawa hadi damu inabaki kwenye vyuma. Katika wa tatu anaimba, na mtunzi anatuambia kwamba wimbo huo hautokani na furaha, ni sala inayotoka ndani kabisa ya moyo wake. Mstari mmoja wa shairi hilo, I know why the caged bird sings, ndio mwandishi Maya Angelou alioufanya kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1969, na leo wengi wanaujua mstari bila kumjua mwenye mstari.

Mkewe huyo alikuwa Alice Ruth Moore, mwalimu na mwandishi kutoka New Orleans. Dunbar aliona picha yake gazetini kando ya shairi lake, akamwandikia, wakaendelea kuandikiana kwa karibu miaka miwili kabla ya kuonana, wakaoana tarehe 6 Machi 1898. Haifai kuupamba uhusiano huo. Dunbar alikuwa mlevi, na mara zaidi ya moja alimfanyia mkewe ukatili. Januari 1902 alimpiga vibaya, Alice akaondoka, na barua zote za kumwomba arudi hazikumrudisha. Aliendelea kufundisha, kuandika na kupigania haki za wanawake na za watu weusi, na anajulikana katika historia ya fasihi kwa jina la Alice Dunbar-Nelson. Mtu aliyejua hivyo maumivu ya kufungiwa aliweza kumtesa aliyekuwa naye nyumbani. Yote mawili ni kweli, na mzungumzaji anayetaja moja na kuliacha la pili hawatendei haki wasikilizaji wake.

Mwaka 1899 alipata homa ya mapafu, kisha ikagundulika kuwa ana kifua kikuu. Madaktari walimpeleka kwenye hewa kavu ya Colorado, wakamwandikia pombe kama dawa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na dawa hiyo ikamwongezea ugonjwa wa pili. Pamoja na hayo, miaka hiyo ndiyo aliyoandika kwa kasi kuliko yote. Alikuwa akitafuta mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa riwaya.

Riwaya zake tatu za kwanza, The Uncalled ya 1898, The Love of Landry ya 1900 na The Fanatics ya 1901, zina wahusika wakuu Wazungu. Ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi kati ya hizo: inamhusu kijana yatima, Fred Brent, anayelelewa na mwanamke mkali wa dini katika mji mdogo wa Ohio na kulazimishwa kuwa mchungaji asiyejisikia kuitwa. Wahakiki walishangaa kwa nini mtu mweusi aandike juu ya Wazungu. Kwangu mimi jibu liko wazi: alitaka ruhusa ambayo kila mwandishi mwingine alikuwa nayo, ruhusa ya kuchagua.

Riwaya ya nne, The Sport of the Gods, iliyotoka kitabu mwaka 1902, ni kazi kubwa. Berry Hamilton amemtumikia bwana Maurice Oakley kwa miaka mingi katika jimbo la kusini, kwanza kama mtumwa na kisha kama mtumishi huru, na anaishi na mkewe Fannie na watoto wao wawili katika nyumba ndogo uani. Fedha za mdogo wake Oakley zinapotea. Berry ana akiba benki, aliyoiweka kidogo kidogo, na akiba hiyo, alama ya uaminifu na bidii yake, ndiyo inayofanywa ushahidi wa wizi wake. Anafungwa miaka kumi na kazi ngumu. Familia yake inafukuzwa, inakimbilia New York, na huko mji unaimeza: mwana Joe anazama katika ulevi wa vilabu na mwishowe anamuua mwanamke, binti Kitty anakwenda jukwaani na kuwa mgeni kwa mama yake, na Fannie anaolewa na mwanamume anayempiga. Wakati huo Oakley ameshapokea barua ya mdogo wake inayokiri kwamba fedha hazikuibwa, yeye mwenyewe alizipoteza kwenye kamari. Oakley anaificha barua hiyo kifuani, usiku na mchana, ili jina la ukoo lisichafuke, na Berry anabaki gerezani. Mwandishi wa gazeti ndiye anayeifichua siri.

Ninachokitazama sana katika riwaya hiyo ni mwisho wake. Mwandishi mwepesi angewarudishia Berry na Fannie maisha yao. Dunbar anawarudisha kusini, katika ile nyumba ya uani, mke wa Oakley ndiye anayewasihi warudi, na usiku wanakaa wameshikana mikono wakisikiliza mayowe ya bwana wao wa zamani aliyepata wazimu. Haki imetendeka kwa jina tu. Ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa kuchora maisha ya watu weusi waliohamia New York, miaka mingi kabla Harlem, mtaa wa watu weusi wa mji huo, haijawa jina la fasihi. Inavunja pia uongo wa aina mbili: kwamba kusini ya zamani ilikuwa nyumba ya upendo kati ya bwana na mtumishi, na kwamba kaskazini ilikuwa mahali pa uhuru. Kwa mtu aliyelaumiwa kwamba anawabembeleza Wazungu, hiki ni kitabu kisichobembeleza mtu.

Tabia hiyo inaonekana pia katika shairi la The Haunted Oak, ambamo mti wenyewe unasimulia jinsi mtu asiye na hatia alivyonyongwa kwenye tawi lake na kundi la watu, na katika hadithi ya The Lynching of Jube Benson ya mwaka 1904, ambayo msimulizi wake ni daktari wa Kizungu aliyeshiriki kumnyonga mtu mweusi mwaminifu kwake, akagundua kosa baada ya kamba kufanya kazi yake.

Na bado wahariri walidai lahaja. Rafiki yake James Weldon Johnson, mshairi na baadaye kiongozi wa harakati za haki, ameeleza kwamba Dunbar alimwambia analazimika kuandika lahaja kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuwafanya watu wamsikilize. Johnson mwenyewe aliandika mwaka 1922 kwamba lahaja ile ni chombo chenye sauti mbili tu kamili, kichekesho na huzuni. Hukumu hiyo mimi naiona ni kali mno ukiweka mbele yako mahubiri ya yule mzee wa porini. Lakini Dunbar mwenyewe alitoa hukumu kali kuliko hiyo. Mwaka 1903 alichapa shairi la mishororo minane tu liitwalo The Poet. Linamzungumzia mshairi aliyeimba maisha kwa utulivu, aliyeimba mapenzi dunia ilipokuwa changa, akagusa mara kwa mara sauti ya ndani zaidi. Na dunia, badala ya hayo, ikageuka kusifu kijiwimbo katika lugha iliyovunjika. Hapo ndipo alipofika akiwa na miaka 31, mgonjwa, bila mke, akiwa mshairi mweusi maarufu kuliko wote nchini mwake.

Mwaka 1904 alimnunulia mama yake nyumba Dayton, akaishi naye humo hadi alipofariki Februari 1906. Matilda, yule aliyefua nguo ili mwanawe asome, aliishi miaka 28 baada yake, na chumba cha kazi cha mwanawe alikiacha kama kilivyokuwa. Baada ya kifo cha Matilda mwaka 1934 nyumba hiyo ilichukuliwa na jimbo la Ohio ikafanywa kumbukumbu ya umma, na leo imo katika hifadhi ya taifa pamoja na mahali pa ndugu Wright. Shule nyingi za watu weusi zilipewa jina lake, ikiwamo ile ya sekondari ya Washington iliyoitwa Dunbar mwaka 1916, iliyotoa wasomi kwa vizazi kadhaa. Watoto katika shule hizo walikariri mashairi yake ya lahaja na ya Kiingereza sanifu bila kuyatenga, na nadhani walimsoma vizuri kuliko wahakiki wengi.

Vitabu vyake vyote havina tena hakimiliki, na vinapatikana bure kwenye intaneti. Anayetaka kuanza, ningemshauri asianze na mkusanyo mzima. Asome kwanza We Wear the Mask, mara mbili. Kisha asome An Ante-Bellum Sermon kwa sauti, polepole, akiyatamka maneno kama yalivyoandikwa, maana tahajia ile inatisha machoni na inafunguka masikioni. Baada ya hayo achukue The Sport of the Gods, ambayo si ndefu, na afike mwisho kabla ya kusoma neno lolote lililoandikwa na mtu mwingine juu ya Dunbar, ikiwa ni pamoja na dibaji ya Howells, na ikiwa ni pamoja na haya niliyoyasema mimi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.